Kodi ya mapato: Daftari la Sh1,000 linavyoweza kumwokoa mfanyabiashara wa Ivuna

MALI bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka kiasi kwamba wengi huitaja bila kuitafakari, lakini kwa mfanyabiashara mdogo anayedaiwa kodi ya mapato ina maana ya fedha taslimu. Watu wawili wenye maduka yanayofanana, wateja wanaolingana na mauzo yaleyale wanaweza kutozwa kodi tofauti kabisa, mmoja akalipa zaidi ya mara tatu ya mwenzake, kwa sababu tu mmoja ana kumbukumbu za biashara na mwingine hana.

Suala hili linawagusa kwa namna ya pekee wananchi wa maeneo yaliyo mbali na miji, mathimani kata ya Ivuna, wilayani Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ivuna iko katika bonde la Ziwa Rukwa. Chumvi ya chemchemi zake imechemshwa na kuuzwa kwa karne nyingi, na siku hizi mpunga, ufuta, mifugo na samaki wa ziwani huwavuta wanunuzi kutoka Tunduma, Vwawa, Mbeya na kwingineko.

Wengi wa wanunuzi hao, pamoja na wenye maduka, mawakala wa fedha za simu na watumishi wa umma wanaoishi huko, huishi bila kufikiria ritani ya kodi hadi siku wanapohitaji leseni, mkopo wa benki au zabuni. Hapo ndipo hugundua kwamba wanadaiwa kodi ya miaka kadhaa, faini na riba.

Makala haya yanaeleza matatizo yanayojitokeza mara nyingi katika kodi ya mapato ya mtu binafsi, chanzo chake na hatua ambazo mlipakodi anaweza kuzichukua. Msingi wa maelezo haya ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 na mabadiliko yaliyofuata. Ikumbukwe kuwa viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika Julai mosi, hivyo msomaji ahakikishe kiwango cha mwaka husika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kulipa.

Ushuru wa halmashauri si kodi ya mapato

Tatizo la kwanza ni kuchanganya malipo. Mfanyabiashara wa mpunga huulizwa kama amelipa kodi, naye hutoa stakabadhi za ushuru wa mazao, ada ya leseni na ushuru wa soko. Stakabadhi hizo ni halali, lakini ni za Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Hazifuti deni la kodi ya mapato, ambayo hukusanywa na TRA kwa niaba ya Serikali Kuu.

Ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi kwa kuangalia thamani ya zao. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kodi ya mapato, kwa upande wake, huangalia kile ambacho mtu amekipata katika mwaka mzima.

Kwa wazee, neno kodi bado linaleta kumbukumbu ya kodi ya kichwa na ile ya maendeleo, ambazo mtu alidaiwa kwa kuwa tu ni mtu mzima. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya mapato haifuati kichwa cha mtu bali kipato chake, na asiye na kipato kinachofikia kiwango hatozwi.

Mkanganyiko mwingine ulitokana na vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa ada ya Sh20,000. Vililengwa kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Baadhi ya waliokuwa navyo walikua kibiashara, wakavuka kiwango hicho, lakini wakaendelea kuamini kwamba kitambulisho kinatosha. Hakikuwa mbadala wa namba ya utambulisho wa mlipakodi.

Namba iliyosahaulika

Namba ya utambulisho wa mlipakodi, maarufu kama TIN, hutolewa bure. Anayemtoza mwananchi fedha kwa ajili ya namba yenyewe anamlaghai, ingawa mwenye stesheni ya kompyuta anaweza kudai malipo ya kazi yake ya kujaza fomu. Kwa sasa usajili wa mtu binafsi hutegemea namba ya Kitambulisho cha Taifa, kwa hiyo makosa ya jina au tarehe ya kuzaliwa yaliyomo NIDA yatahamia TRA. Ni vema kuyarekebisha huko kwanza.

Tatizo kubwa zaidi ni TIN ya biashara iliyoachwa bila taarifa. Mtu alifungua duka Tunduma, akafanyiwa makadirio, kisha biashara ikafa, akarejea Ivuna kulima. Kwake biashara imekwisha. Kwa TRA, biashara hiyo bado ipo hadi mwenyewe atakapotoa taarifa kwamba ameifunga. Makadirio yanaweza kuendelea kuwekwa mwaka baada ya mwaka, na faini za kutowasilisha ritani zikafuata.

Dawa yake ni barua. Anayefunga biashara aiandikie ofisi ya TRA iliyomsajili, aeleze tarehe aliyofunga, aambatanishe ushahidi kama barua ya serikali ya mtaa au kijiji na ya mwenye jengo, kisha abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenye deni lililokwisha kulimbikizwa afanye vivyo hivyo, na aombe makadirio ya miaka ambayo hakufanya biashara yapitiwe upya.

Aidha, TIN iliyochukuliwa kwa ajili ya leseni ya udereva au usajili wa pikipiki haimfanyi mtu kuwa mfanyabiashara. Anayeanza biashara kwa namba hiyo anapaswa kuieleza TRA ili taarifa zake zibadilishwe. Haruhusiwi kuchukua namba ya pili.

Bei ya kutokuwa na daftari

Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi Sh100 milioni kwa mwaka, na ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara ya hapa nchini, hutozwa kodi kwa jedwali maalumu linaloangalia mauzo. Ukomo huo ulipandishwa kutoka Sh20 milioni na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Wanaotoa huduma za kitaalamu hawamo katika utaratibu huu.

Jedwali la mwaka 2019 liliwaondoa kabisa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni. Kwa wanaozidi hapo, liliweka njia mbili: moja ya wenye kumbukumbu, nyingine ya wasio nazo.

Mwenye mauzo kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni asiye na kumbukumbu alipangiwa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa asilimia 3 ya kile tu kinachozidi Sh4 milioni. Tuchukue mfano wa mama mwenye genge na duka dogo anayeuza Sh5 milioni kwa mwaka. Akiwa na daftari, asilimia 3 ya Sh1 milioni ni Sh30,000. Asipokuwa nalo, ni Sh100,000.

Mwenye mauzo kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni asiye na kumbukumbu alipangiwa Sh250,000. Mwenzake mwenye kumbukumbu alipangiwa Sh90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi Sh7 milioni. Kwa mauzo ya Sh8 milioni, hiyo ni Sh120,000. Tofauti ni Sh130,000, na daftari la kaunta linauzwa kwa fedha ambayo haifikii hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho.

Hasara haiishii hapo. Asiye na kumbukumbu hana pia namna ya kuthibitisha kwamba mauzo yake ni Sh5 milioni na wala si Sh8 milioni. Sheria inamruhusu Kamishna kukadiria kwa busara yake pale taarifa zinapokosekana. Ofisa atatazama shehena iliyo rafuni, kodi ya pango na wingi wa wateja wa siku aliyofika. Kama siku hiyo ni ya mnada au ya msimu wa mavuno, duka litaonekana kubwa kuliko lilivyo kwa miezi mingine tisa. Mwenye duka atalalamika kwamba ameonewa, lakini atakuwa hana karatasi ya kumsaidia kusema hivyo.

Mauzo makubwa, faida ndogo

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo kwa wanaozidi Sh11 milioni hadi Sh100 milioni. Hapa ndipo wanunuzi wa mpunga na ufuta wanapoumia, na wengi hawajui kwamba sheria imewaachia mlango mwingine.

Neno la kuzingatia ni mauzo. Jedwali halitazami faida. Muuza dawa za mifugo anaweza kupata faida nzuri katika kila shilingi 100 anayouza, lakini mnunuzi wa mpunga hupitisha fedha nyingi mikononi na kubaki na kidogo baada ya kulipa wakulima, magunia, vibarua, ushuru na lori la kwenda Tunduma.

Tuseme mnunuzi huyo ameuza mpunga wa Sh80 milioni kwa mwaka, na baada ya gharama zote amebaki na Sh5 milioni. Kwa jedwali la mauzo, asilimia 3.5 ya Sh80 milioni ni Sh2.8 milioni. Zaidi ya nusu ya faida yake imekwenda.

Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mtu wa namna hii kuchagua kutotumia jedwali la mauzo kwa mwaka husika, na badala yake atozwe kwa faida halisi. Kwa viwango vya watu binafsi vilivyoanza Julai 2021, Sh3.24 milioni za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi, na kinachofuata hadi Sh6.24 milioni hutozwa asilimia 8. Faida ya Sh5 milioni ingezaa kodi ya Sh140,800.

Kati ya Sh2.8 milioni na Sh140,800 kuna pengo ambalo lingetosha kununulia magunia mengi ya mpunga. Hata hivyo, njia hii ina masharti. Anayeichagua lazima awe na hesabu kamili za mapato na matumizi zenye vielelezo, na mara nyingi atahitaji mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Gharama ya mhasibu ipimwe dhidi ya kodi itakayookolewa. Kwa muuza duka wa Sh12 milioni huenda isilipe. Kwa mnunuzi wa mazao wa Sh80 milioni inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama atarudi sokoni msimu ujao.

Vielelezo ndivyo vinavyowakwamisha wengi. Mkulima wa Ivuna hatoi risiti ya mashine. Basi mnunuzi aandike hati ya manunuzi kwa kila mzigo: tarehe, jina la mkulima, kijiji, uzito, bei na sahihi au dole gumba. Ahifadhi stakabadhi za ushuru wa halmashauri na risiti za usafirishaji. Malipo kwa simu au benki huacha kumbukumbu yenyewe, na ni salama zaidi kuliko burungutu la noti.

Fedha za watu si mauzo yako

Wakala wa fedha za simu anaweza kupitisha Sh200 milioni kwa mwaka bila yeye kuwa na mauzo ya Sh200 milioni. Kipato chake ni kamisheni. Vivyo hivyo kwa dalali wa mazao anayemuunganisha mnunuzi na mkulima: fedha za mnunuzi si zake, chake ni ujira wake.

Tatizo hutokea pale mtu mmoja anapokuwa wakala, muuza vocha na mwenye duka kwa wakati mmoja, huku akitumia laini moja ya simu na akaunti moja ya benki, ambamo pia hupokea ada ya shule ya watoto wa ndugu. Taarifa ya benki ikiombwa, kila shilingi iliyoingia inaweza kuhesabiwa kuwa mauzo, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo utakuwa wake. Kutenganisha akaunti ya biashara na ya nyumbani ni hatua nyepesi inayozuia ugomvi mzito.

Mwajiriwa naye ana la kukagua

Mwalimu, muuguzi au ofisa mtendaji ambaye kipato chake ni mshahara wa mwajiri mmoja, na ambaye kodi yake hukatwa kila mwezi kwa utaratibu wa Lipa Kadiri Unavyopata, kwa kawaida hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka. Kazi hiyo hufanywa na mwajiri, ambaye hupaswa kupeleka kodi TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Lakini kutowasilisha ritani si sababu ya kutosoma hati ya mshahara. Kosa la kawaida katika ofisi ndogo binafsi ni kukokotoa kodi kabla ya kuondoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Mfanyakazi mwenye mshahara wa Sh600,000 anayechangia asilimia 10 NSSF anapaswa kutozwa kodi kwenye Sh540,000. Kwa viwango vya Julai 2021, kodi hiyo ni Sh24,000. Ikikokotolewa kwenye Sh600,000 inakuwa Sh36,000. Ni Sh12,000 kila mwezi, sawa na Sh144,000 kwa mwaka. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu hayapunguzi kipato kinachotozwa kodi, na hapo mwajiri asilaumiwe.

Hali hubadilika mwajiriwa anapofungua duka, anaponunua bodaboda ya biashara au anapokodisha shamba. Sasa kipato chake hakitokani na mshahara peke yake, na wala hakitokani na biashara peke yake. Kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya makato ya mshahara, na wala hatimizi sharti la jedwali la mauzo, linalotaka kipato chote kiwe cha biashara. Anapaswa kuwasilisha ritani inayojumlisha vyote, kisha kodi iliyokatwa kwenye mshahara ihesabiwe kuwa imekwisha kulipwa. Watumishi wengi hawalijui hili, na hulijua siku wanapoomba hati ya kutodaiwa kodi.

Kodi ya zuio iliyokosa cheti

Mwenye nyumba aliyepangisha taasisi au kampuni hukatwa asilimia 10 ya pango, na mpangaji huipeleka TRA. Wakala wa simu naye hukatwa kwenye kamisheni. Makato haya huitwa kodi ya zuio.

Aliyekatwa ana haki ya kupewa cheti cha makato hayo. Wengi hawakidai, na mpangaji akihama au kampuni ikifungwa, ushahidi hupotea. TRA ikiuliza kodi ya pango ilikwenda wapi, mwenye nyumba atakuwa na maneno matupu. Cheti kidaiwe mara tu makato yanapofanyika, na namba ya TIN iliyoandikwa humo ihakikiwe. Tarakimu moja ikikosewa, kodi itasomeka kwa mtu mwingine.

Tarehe hazisubiri mavuno

Mwaka wa kodi wa mtu binafsi huanza Januari mosi na kuishia Desemba 31. Makadirio huwasilishwa ifikapo Machi 31, na kodi hulipwa kwa awamu nne zinazoishia Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Ritani ya mwisho, kwa anayepaswa kuiwasilisha, hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani ifikapo Juni 30.

Kalenda hii haikutungwa kwa kuangalia bonde la Rukwa. Machi mpunga bado uko shambani, wafanyabiashara hawana fedha, na anayekadiria hukisia. Mvua zikiharibika, au bei ikianguka, makadirio ya Machi yanabaki pale pale na awamu zinadaiwa kama kawaida.

Jambo ambalo halitumiwi vya kutosha ni kwamba makadirio yanaweza kurekebishwa kabla ya mwaka kuisha. Mwenye daftari linaloonyesha kwamba hadi Julai ameuza nusu ya alichokisia anaweza kuomba yashushwe. Kinyume chake pia ni kweli: aliyekadiria kidogo mno makusudi, kisha akapata kingi, atalipa riba juu ya upungufu.

Faini ya kuchelewesha ritani ni kali kwa mtu mdogo. Sheria ya mwaka 2015 iliweka, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, asilimia 2.5 ya kodi husika au kiwango cha chini, kipi ni kikubwa. Kiwango hicho cha chini kwa mtu binafsi kilianza kwa Sh75,000. Aliyepaswa kuwasilisha Juni 30 akafika Septemba 20 alihesabiwa miezi mitatu: Sh225,000, hata kama kodi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko hapo. Kutokuwa na fedha za kulipa, kwa hiyo, si sababu ya kutowasilisha. Wasilisha kwa wakati, kisha uombe kulipa deni kwa awamu.

Anayeona atachelewa kwa sababu ya msingi aombe muda wa nyongeza kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Aidha, ritani siku hizi hupokelewa kwa njia ya mtandao, jambo linaloweza kumpunguzia mkazi wa Ivuna safari ndefu ya mjini. Wanaosaidiwa na vijana wa stesheni wasiwaachie nywila zao, na wasome kilichojazwa kabla hakijatumwa, kwani sheria humtambua mwenye TIN wala si aliyebonyeza kitufe.

Malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo pekee, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, kupitia benki au simu. Fedha iliyowekwa mkononi mwa mtu, hata akiwa na kitambulisho, haina ushahidi kwamba imefika serikalini.

Ukionewa, siku ni 30

Mlipakodi asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 tangu alipokabidhiwa uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, akieleza sababu. Kulalamika kwa mdomo kwenye kaunta si pingamizi, hata kama ofisa alisikiliza kwa huruma.

Sheria inataka kwanza alipe kodi ile asiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kipi ni kikubwa. Aliyekadiriwa Sh900,000 akikiri Sh200,000 atapaswa kuweka Sh300,000. Kwa mtu wa kipato kidogo hiki ni kikwazo cha kweli, na wapo wanaokata tamaa hapo. Lakini Kamishna anaweza kupunguza au kusamehe amana hiyo kukiwa na sababu nzuri, na ombi hilo liandikwe pamoja na pingamizi. Aliyechelewa kwa kuugua, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyingine ya msingi anaweza kuomba muda uongezwe.

Asiporidhika na uamuzi wa pingamizi, anaweza kukata rufani katika Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani. Kwa malalamiko ya huduma mbaya, ucheleweshaji au ukiukwaji wa taratibu, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi (TOST), iliyotokana na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019. Kote huko, swali la kwanza litakuwa lilelile: una kumbukumbu gani?

Daftari lenyewe

Kumbukumbu hazihitaji kompyuta wala Kiingereza. Daftari la kaunta lenye safu tano linatosha kwa duka la kawaida: tarehe, mauzo ya siku, manunuzi, matumizi na fedha iliyobaki. Liandikwe kila jioni kabla ya kufunga, kwa kalamu ya wino, bila kuruka siku. Siku ambayo duka halikufunguliwa nayo iandikwe, pamoja na sababu: msiba, ugonjwa, mafuriko.

Risiti zifungwe kwa mwezi katika bahasha. Anayepaswa kutumia mashine ya EFD aitumie kwa kila mauzo, na risiti zake zilingane na daftari. Bidhaa alizochukua kwa matumizi ya nyumbani ziandikwe pia, la sivyo hesabu ya shehena haitakubaliana na mauzo. Kumbukumbu zote zihifadhiwe kwa miaka mitano, mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua.

Wapo watakaosema kwamba daftari ni silaha ya mtoza ushuru, na kwamba asiyeandika hakamatiki. Hesabu zilizotangulia zinaonyesha kinyume. Asiyeandika hukadiriwa na mtu mwingine, kwa kiwango cha juu, kwa siku moja iliyotazamwa kwa macho. Aliyeandika ndiye anayeweza kushusha makadirio, kuchagua kutozwa kwa faida, kudai cheti chake na kupinga alichoonewa.

Serikali nayo ina wajibu wa kuwafikishia elimu hii wananchi wa Ivuna, Kamsamba na vijiji vya ziwani badala ya kuishia kwenye kumbi za Tunduma na Vwawa, tena ifike mwanzoni mwa mwaka na si wakati wa kudai madeni. Lakini mfanyabiashara asiisubiri semina. Maduka yanayouza madaftari yapo Ivuna, na kuandika mauzo ya leo hakuhitaji kibali cha mtu yeyote.